Hisa za Micron: ni rahisi kweli?

Zawadi_Boise
Shikamooni wakubwa. Niko Boise, Idaho, mwaka wa nne sasa, kazi ya ghalani usiku. Nimedunduliza dola 1,500. Nikienda kazini napita Micron, wale wa chipu za kumbukumbu. Nimegawanya bei ya hisa yao kwa faida ya mwaka, jibu ni dogo kuliko la kampuni nyingi za chipu. Si ndiyo kusema inauzwa chini ya thamani yake? Nitie zote?

MtotoWaIlula
Marahaba mdogo wangu. Usitie zote. Hesabu hiyo, kwa kampuni ya namna hii, husomwa kinyume.

Nimekulia Ilula, Iringa, kwenye nyanya. Tenga likipanda bei, hata mwalimu anakodi shamba. Msimu unaofuata nyanya zinaozea kando ya barabara. Chipu za DRAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta na simu, ndivyo zilivyo: za Samsung, za SK Hynix na za Micron zinakaribiana, kwa hiyo bei inapangwa na soko. Na wote watatu hupanua viwanda wakati uleule, bei ikiwa tamu.

Tazama 2018. Faida ilipita dola bilioni 14, na katikati ya mwaka hisa ilikuwa kama dola 60, mara tano hivi ya faida. Nani asingesema ni rahisi? Desemba ikawa karibu na 30, na kufikia mwaka wa fedha wa 2020 faida ilikuwa bilioni 2.7 tu. Halafu 2023: hasara ya bilioni 5.8, mauzo yameanguka kutoka bilioni 30.8 hadi 15.5. Hapo hata faida ya kugawia bei haikuwepo, na ndipo hisa ilipokuwa rahisi! Mwaka wa fedha wa 2025 mauzo yalipita bilioni 37.

Mimi nilianza mwaka huo wa hasara, hisa moja kila mshahara. Mei, China ilipozuia bidhaa zao kwenye miundombinu yake muhimu, sikulala. Kilichonishikilia ni kwamba watengenezaji wote watatu walikuwa wameshatangaza kupunguza uzalishaji. Wakulima wakiacha kulima, bei hurudi.

BintiLikoni
Kaka, na HBM je? Zile chipu za kumbukumbu za kasi kwa ajili ya akili mnemba zinauzwa kwa mikataba kabla hazijatengenezwa. Nazo ni nyanya?

MtotoWaIlula
Hoja nzuri, dada. HBM inakula silikoni kama mara tatu ya DRAM ya kawaida kwa kumbukumbu ileile, kwa hiyo inapunguza mzigo wa DRAM ya kawaida sokoni. Hilo ni jipya, nami nalipa uzito. Lakini faida nono imewavuta wote watatu kupanua tena, ndiyo maana sasa siongezi.

Zawadi, weka kando kodi ya miezi mitatu kwanza. Kisha anza na dola 100, na kila robo mwaka utazame mzigo uliolala ghalani mwao. Ukikua haraka kuliko mauzo, subiri.

Zawadi_Boise
Asante sana kaka. Nimeifungua taarifa yao. Huo mzigo uko wapi?

MtotoWaIlula
Kwenye mizania, mali za muda mfupi, mstari ulio chini ya fedha wanazodai wateja.