Tupeane uzoefu: Mpango wako wa kuboresha kazi au maisha ulikufia wapi?

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo linanisumbua muda mrefu. Mipango ya kuboresha kazi, na hata ile ya mtu kujiboresha mwenyewe, inaanza kwa vifijo, halafu baada ya miezi miwili mitatu haisikiki tena. Naomba kila mtu aseme yake: ulianza nini, kilikufia wapi, na ukitazama nyuma unaona chanzo kilikuwa nini. Naanza mimi.

Ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja cha vifungashio, Barabara ya Nyerere. Nina miaka 11 pale na nimeshuhudia mipango 4 ikija na kuondoka. Wa mwisho ulikuwa wa Kaizen, ile njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo. Mwalimu alitufundisha zile S tano: Sasambua (toa usichohitaji), Seti (panga kila kitu mahali pake), Safisha, Sanifisha (weka utaratibu mmoja kwa wote), Shikilia (udumishe). Ni kitu kizuri, nasema kwa moyo mmoja. Tulitoa mota mbovu zilizokuwa zimelala kwenye kona tangu sijaajiriwa. Tukapiga mistari ya njano sakafuni. Zana zikatundikwa ukutani, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu.

Haukuisha mwezi, umbo la spana namba 17 likabaki tupu. Kila asubuhi nikipita, ukuta umejaa, ila pale pana pengo. Meneja akasema watu hawana nidhamu. Semina ikarudiwa. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya vijana nikawasema dakika 40, na hilo linaniuma mpaka leo, maana sikumuuliza hata mmoja.

Usiku mmoja mashine ya pili ikasimama. Fundi akapiga goti, akaingiza mkono kwenye soksi, ndani ya buti, akatoa spana 17. Akaniona. Nikamwambia amalize kwanza, kisha anieleze. Akasema: mashine ni 3, spana ni moja. Mashine ikisimama, dakika zinaandikwa kwa jina la fundi, na mwisho wa mwezi zinakatwa kwenye posho yake. Ukikimbilia ukutani ukakuta mwenzako kaishachukua, umeumia. Kwa hiyo anayewahi kuingia zamu anaificha.

Spana yenyewe Gerezani unaipata kwa hela ya chakula cha mchana cha watu watatu. Tulitumia semina mbili kupambana na kitu ambacho kilikuwa kinataka spana mbili.

Karibuni.

Muuguzi, Temeke

Asante kwa uzi huu, kaka. Sisi wa afya hizo S tunazijua vizuri. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza nazo mwaka 2007, hospitali nyingine zikafuata. Kwenye kituo nilichokuwa mwanzo tulikuwa na timu ya watu 6. Tulianza na mafaili, maana mgonjwa alikuwa anakaa kwenye benchi tangu saa 1 asubuhi kusubiri faili lake litafutwe. Tukaweka rangi kwa kila mwaka na namba kwenye kila rafu. Mama mmoja wa kliniki ya presha alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, leo nimewahi kurudi kupika." Sijasahau.

Kilichoua ni uhamisho. Dada mfawidhi aliyekuwa anatusimamia alihamishwa, na ndani ya miezi 5 wawili kati yetu nao wakahama. Aliyekuja hakuwa mbaya, ila hakukuta popote palipoandikwa kwa nini mafaili yamepangwa vile. Yalikuwa kichwani mwetu. Akaja na utaratibu wake, rafu zikachanganyika. Ile S ya nne, Sanifisha, tuliiruka, tukadhani ya tano inakuja yenyewe. Sasa hivi nilipo, kitu chochote tukibadilisha naandika nusu ukurasa na kuubandika ndani ya mlango wa kabati, ili atakayekuja aelewe tulikuwa tunatibu tatizo gani.

Mama Duka, Tabata

Yangu siyo ya ofisini, naomba mniruhusu. Nilihudhuria mafunzo ya ujasiriamali ya siku 3 kupitia kikoba chetu. Tulifundishwa kuandika kila kinachoingia na kutoka. Nilinunua daftari kubwa, nikaanza Jumatatu. Niliandika siku 19 bila kuruka.

Siku ya 19 baba watoto alilifungua. Akakuta nimeandika: soda 2, baba. Mkate 1, baba. Vocha 2,000, baba. Soda 1 na mgeni wa baba. Hakusema neno, akalifunga, akaenda kukaa nje. Nyumba ikawa kimya siku mbili nzima. Kosa langu ni kwamba nilianza kuandika bila kukaa naye, hivyo yeye aliliona kama ni shitaka. Nikaacha, na watu wa kikoba wakaniona sina msimamo. Lakini ningewaeleza nini mbele za watu?

Mwaka uliofuata tulikaa wawili tukakubaliana kiasi cha nyumbani kwa wiki. Nikafungua safu moja inaitwa "nyumbani", haina jina la mtu: ya kwangu, yake na ya watoto zote humo. Leo ni mwaka wa tatu, daftari la nne. Na siku nyingine anaandika yeye kabla yangu.

Mtumishi, Kinondoni

Mfupi tu. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilikuja mwaka 2004 kuchukua nafasi ya tathmini ya siri. Wazo lilikuwa zuri sana: mtumishi na mkuu wake wakae, wakubaliane malengo, wapitie nusu mwaka, wapime mwishoni. Ofisini kwetu tulikuwa tunajaza yote kwa siku moja mwezi Juni. Lengo langu moja lilikuwa kutembelea kata 8, na gari halikuwa na mafuta miezi mitatu mfululizo. Nilimweleza mkuu, akanijibu andika tu "limefikiwa", usituletee maswali. Nikaandika. Sasa tupo kwenye PEPMIS, mfumo ulioichukulia OPRAS nafasi, kila kitu mtandaoni. Mimi naomba tu pawe na sehemu ya kuandika kwamba mafuta hayakuwepo, na mtu wa kuisoma.

Mwenye gereji, Ilala

Wakuu, kwa heshima zote sikubaliani na mwelekeo wa uzi. Mnawatetea sana wafanyakazi. Mimi nilinunua seti kamili ya soketi, nikaweka sanduku na daftari la kusaini. Miezi 3 baadaye zimepotea 6. Hapo nimuulize nani kama kuna adhabu ya dakika? Sina adhabu yoyote. Wengine hawataki tu kubadilika, tukubali.

Mwanzisha uzi

Mkuu wa gereji, nimekusoma na sikupuuzi. Wezi wapo, hata kwangu wapo. Nakuuliza kwa nia njema: kijana akivunja soketi bahati mbaya, nani analipa? Kama analipa yeye, nyingine hazikuibiwa, zimetupwa mtaroni zikiwa vipande.

Toyota kwenye laini zao mfanyakazi wa kawaida ana kamba ya kuvuta, au kitufe cha kubonyeza, akiona kasoro. Kiongozi wake anakuja kusaidia, na ikibidi laini inasimama. Kwetu anayesimamisha mashine anaandikiwa barua. Deming, yule Mmarekani aliyekwenda kufundisha Japani mambo ya ubora mwaka 1950, ana hoja 14 za uongozi, na moja ni kuondoa hofu kazini. Sisi tumechukua mistari ya njano, ile ya hofu tumeiacha. Na ukimsoma dada muuguzi, mama wa duka, hata mtumishi wa kata 8, shida haikuwa watu kukataa kubadilika.

Mwenye gereji, Ilala

Analipa yeye. Nakata kidogo kidogo. Sikuwahi kuitazama hivyo, mkuu. Nitawauliza.

Mwanzisha uzi

Narudi na mrejesho. Spana mbili nimenunua kwa hela yangu, nimezitundika. Mafundi wawili wanarudisha ukutani. Wa tatu bado anaiweka kwenye buti. Nilimuuliza, akanijibu, "Bosi, spana zimekuja, lakini dakika zangu bado zinakatwa." Yuko sahihi. Hilo la posho liko juu ya cheo changu. Nimeomba kikao na meneja Jumatano saa 4, na nimebeba karatasi ya dakika za miezi 3, kila mashine peke yake. Kama kuna aliyewahi kulipeleka jambo kama hili kwa wakubwa wake, anielekeze alianzaje kulisema.