Najdorf, raundi ya mwisho: nimle askari wa b2 au nimwache?

Farasi_f6:
Wakuu, naomba ushauri wa chesi. Raundi ya mwisho ya mashindano nashika kete nyeusi, dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua. Nahitaji ushindi, sare hainisaidii. Mpinzani hufungua kwa e4 (askari kwenye mraba wa e4), na kwenye Najdorf, aina ya ulinzi wa Sisiliani ninayocheza, hutoa askofu g5 hatua ya 6, kisha f4. Natamani sana kumpeleka malkia b6 na kumla yule askari wa b2. Ila nikipitia 8. malkia d2, malkia anakula b2, 9. ngome b1, malkia a3, 10. e5, naona moto mtupu. Nifanyeje?

NgomeWazi:
Mle, lakini ujue malkia atatokea wapi, maana sumu iko hapo. Tazama Spassky na Fischer, pambano la ubingwa wa dunia, Reykjavik 1972, mchezo wa 11. Fischer alikula, malkia akaenda a3. Hatua ya 14 Spassky akamrudisha farasi kutoka c3 hadi b1, pale pale alipoanzia! Hatua tamu kuliko zote za pambano lile, kwa maoni yangu. Malkia akabanwa upande ule, na hatua ya 25 akaliwa.

Mama Sisiliani:
Mdogo wangu, usimle. Si kwa woga. Akicheza 10. f5 badala ya e5, kuna njia zinazojulikana zinazoishia kwenye cheki za kujirudia, yaani mfalme anatishiwa bila kikomo. Aliyekariri anachukua sare yake bila jasho, na wewe umesema sare haikusaidii. Cheza askofu e7, kisha malkia c7. Yeye atamficha mfalme upande wa malkia, na wewe huko huko una b5 na b4. Hapo mtapigana kweli.

Farasi_f6:
Shikamoo mama. Hoja ya sare ina uzito. Sasa akija na 10. g4?

Mama Sisiliani:
Marahaba. Jibu b5. Atakula farasi wa f6, ule kwa farasi mwenzake, asukume g5, urudi d7. Akija f5, mimi hucheza farasi c5. Akisukuma f6, mnakulana hapo, askofu anarudi f8. Anaonekana kama amelala, ila analinda g7. Usimwondoe pale kwa haraka.

NgomeWazi:
Kwa hesabu ya sare, mama kanishinda. Cheza askofu e7.