Pikapu ikiegeshwa siku nne tano haiwaki: nini kinakula chaji ya betri?

mzigo_nyuma

Habari wakuu. Pikapu ya dizeli, betri moja ya asidi ya Ah 70 (ampea-saa, yaani ampea mara saa), bado haijamaliza mwaka. Ikitumika kila siku haina tatizo lolote. Ikikaa siku nne au tano, ukigeuza ufunguo unasikia tik-tik-tik tu na taa za dashibodi zinafifia.

Betri ilichajiwa nje ya gari mpaka ikajaa, ikaachwa usiku kucha bila kufungwa popote, asubuhi ikasoma volti 12.65. Injini ikiunguruma kwenye betri napata 14.2. Vitu vilivyoongezwa ni redio ambayo si ya kiwandani, kifaa cha GPS cha kufuatilia gari, na soketi ya tela.

Nimepitisha multimita kati ya terminali hasi na waya wake, inasoma ampea 3.4. Hiyo si nyingi mno? Nianze kukata waya wa kipi kwanza?

fyuzi_na_relei

Mkuu, usikate kitu. Hiyo 3.4 hesabu yenyewe inaikataa: zidisha kwa saa 24 unapata Ah 81 na zaidi, na betri yako ni ya 70. Ingekuwa kweli, gari lisingeamka kesho yake, sembuse siku ya nne. Ulichopima ni gari lililo macho: mlango wazi, taa ya ndani inawaka, kompyuta zake ndogo ndogo zimeamshwa na kule kuchomoa terminali. Zinahitaji muda wa kulala. Magari mengine yanalala baada ya dakika kumi, mengine yanafika saa nzima.

Pima upya hivi. Zima kila kitu na weka ufunguo mbali. Kama ni ule wa kuwasha kwa kitufe, uwe mita tano na kuendelea, maana ukiwa karibu gari halilali. Fungua mlango wa dereva, kisha sukuma kikomeo cha kitasa kwa bisibisi mpaka kibofye mara mbili, gari liamini mlango umefungwa. Sasa unaweza kufikia fyuzi za ndani bila kuliamsha. Ukimaliza kazi vuta mkono wa mlango kikomeo kiachie kabla hujaubamiza, la sivyo kinagongana na chuma. Boneti nayo kama ina swichi ya alamu, ibonyeze uifunge kwa utepe.

Waya mwekundu wa mita uwe kwenye tundu la ampea 10. Tundu la miliampea lina fyuzi ndogo, itakatika mara moja. Halafu hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachomoa terminali kwanza ndipo wanaweka mita, umeme unakatika, kompyuta zinaanza upya. Chukua waya mnene kiasi wenye vibanio pande zote mbili. Banio moja kwenye nguzo hasi ya betri, lingine kwenye koleo la waya wa gari. Ndipo ulegeze koleo ulitoe. Unganisha mita kati ya nguzo na koleo, hakikisha imeshika vizuri, subiri gari lilale, mwishowe ondoa ule waya wa pembeni. Umeme haujakatika hata sekunde moja. Ukitaka kufungua mlango au kugusa kitasa, rudisha kwanza waya wa pembeni. Na usiguse ufunguo wa kuwashia mita ikiwa hapo: stata inavuta ampea mia na zaidi.

Baada ya hapo, 0.05 kushuka chini ni kawaida. Magari mapya yenye vifaa vingi yanaweza kukaa 0.08 bila ugonjwa. Ikizidi 0.1, chomoa fyuzi moja moja huku ukiangalia mita. Inaposhuka ghafla, umeshampata.

mita_na_moto

Nakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Kwa gari la zamani lisilo na kompyuta nyingi, chomoa tu. Kwa gari la sasa, kuchomoa na kurudisha fyuzi kunaamsha kifaa kilichokuwa kimelala, mita inapanda, unasubiri tena nusu saa kwa kila fyuzi. Mbaya zaidi, mara nyingine ukichomoa, kifaa kilichokuwa kimegoma kulala kinajirekebisha chenyewe. Kosa linatoweka mbele ya macho yako na wiki ijayo linarudi.

Pima fyuzi zikiwa mahali pake. Kila fyuzi bapa ina vidoto viwili vya chuma juu. Weka mita kwenye milivolti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), gusa kidoto kimoja kwa kila ncha. Fyuzi ni ukinzani mdogo, kwa hiyo umeme ukipita lazima volti kidogo ionekane. Ikisoma 0.0 hakuna kinachopita. Kwa fyuzi ndogo za kawaida, makisio ya kutosha ni haya: kwenye fyuzi ya ampea 5, kila milivolti moja ni kama miliampea 60. Ya ampea 10, kama 130. Ya 15, kama 200 na kitu. Ya 20, kama 300. Inatofautiana kidogo kwa mtengenezaji na ukubwa wa fyuzi, ila hapa unatafuta mwizi, hutoi risiti. Mita isiyoonyesha sehemu ya kumi ya milivolti haifai kwa kazi hii.

Mita ya koleo nayo ni nzuri, hukati waya wowote. Lakini iwe inayopima DC na uisawazishe kwenye sifuri kabla ya kuizungusha kwenye waya. Zile za AC (umeme wa kubadilika, kama wa nyumbani) peke yake hazitaonyesha kitu.

dizeli_baridi

Kuna waya ambazo hazipiti kwenye sanduku la fyuzi kabisa, na mtu anaweza kuchomoa fyuzi zote mita isitingishike. Altaneta, stata, winchi, inveta, na kwenye dizeli relei ya plagi za kupasha joto. Hizi zinakwenda moja kwa moja kwenye betri, au kupitia fyuzi nene ya bolti karibu na betri.

Altaneta ikiwa na daiodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inayovuja, umeme unarudi kinyume gari likiwa limezimwa, na bado injini ikiwaka unaona 14.2 safi kabisa. Kwa hiyo 14.2 yako haijaisafisha. Dalili moja ni altaneta kuwa na joto asubuhi wakati injini imepoa kama jiwe. Kipimo cha uhakika: toa terminali hasi, fungua waya mnene wa nyuma ya altaneta, uzungushie utepe usiguse bodi, rudisha terminali, pima upya ampea. Zikishuka, altaneta ndiyo. Usiwashe injini waya huo ukiwa nje.

Njia nyepesi ni kupima volti za AC kwenye betri injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa zimewashwa. Zaidi ya 0.5 ni ya kutiliwa shaka. Angalia tu kwamba mita nyingine za bei rahisi zinahesabu DC kama AC. Geuza ncha zake: kama upande mmoja unasoma karibu 28 na mwingine sifuri, mita ndiyo inayokudanganya.

Relei ya plagi za joto ikiganda ikiwa imefungwa haili ampea nusu, inakula makumi. Betri inakwisha ndani ya saa chache, kwa hiyo kwa dalili zako naiondoa kwenye orodha. Na kama kuna mwenye pikapu ya betri mbili anasoma hapa: ziko sambamba, toa hasi za zote mbili, zichaji na kuzipima kila moja peke yake. Iliyokufa inaivuta nzima.

mzigo_nyuma

Asanteni sana. Nimefanya kwa waya wa pembeni. Ilianza 3.1, ikashuka 0.9, ikatulia kwenye 0.41 na haikusogea tena. Kwenye fyuzi karibu zote ni 0.0, moja mbili zina 0.1. Ila fyuzi ya ampea 10 yenye mchoro wa taa ya ndani inasoma 2.8 mV. Kwenye kitabu cha gari fyuzi hiyo inalisha taa ya paa, taa ya bodi ya mizigo, taa ya droo ya dashibodi na waya wa kumbukumbu wa redio. Ni redio hiyo, siyo?

mita_na_moto

Usiihukumu redio bado. 2.8 mara 130 ni kama miliampea 360. Ukiitoa kwenye 410 inabaki 50, ambayo ni ya kawaida na GPS yako imo humo. Kwa hiyo una mwizi mmoja tu. Na 0.41 mara 24 ni kama Ah 10 kwa siku. Kwa siku nne ni Ah 40 kati ya 70. Inaendana na ulichosema.

Sasa tazama tabia yake. Imetulia palepale, haipandi wala haishuki. Kifaa cha kielektroniki kilichogoma kulala mara nyingi kinachezacheza. Na wati 5 ukigawa kwa volti 12.5 unapata 0.4. Mimi naona balbu ya wati 5 inawaka mahali usipopaona.

Taa ya paa ungeiona. Inabaki ya droo na ya bodi ya mizigo. Weka simu inarekodi video ndani ya droo, ifunge, subiri nusu dakika, kisha tazama video. Kukiwa na mwanga baada ya kufungwa, swichi haibonyezwi. Ni kipini cha plastiki pembeni mwa mlango wa droo, na kinachokibonyeza ni ukingo wa mlango. Bawaba ikilegea, au droo ikijazwa makaratasi mpaka mlango ukabaki na nafasi ya milimita mbili, kipini hakifiki mwisho. Balbu ikiwa imewaka usiku mzima utaihisi kwa kidole, ina joto.

Ikiwa droo ni giza, kagua taa ya bodi ya mizigo na soketi ya tela. Maji yakiingia kwenye soketi, pini zinaota kutu ya kijani na umeme unavuja kati yake. Redio iwe ya mwisho: chomoa plagi yake ya nyuma. Ikionekana ndiyo, angalia waya wa njano na mwekundu. Njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu unapaswa kupata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Wafungaji wengine wanaunganisha yote miwili pamoja na redio hailali kamwe.

dizeli_baridi

Ukishaziba uvujaji, rudi kwenye betri yenyewe. Kuishusha mara kadhaa mpaka stata ishindwe kunaacha salfeti ngumu kwenye sahani, na 12.65 haikuonyeshi hilo. Pima wakati wa kuwasha: mtu azungushe stata, wewe tazama mita. Ikizama chini ya 9.6 na betri imejaa, imechoka. Kama ina vifuniko, tumia haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi. Seli iliyojaa ni karibu 1.265. Seli moja ikiwa chini ya nyingine kwa 0.050, betri hiyo haina maisha. Pia kagua mfuniko wake: gusa ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi na nyingine kwenye plastiki yenye vumbi la unyevu. Ukiona volti, uchafu nao unavujisha. Safisha kwa bikaboneti ya soda kwenye maji ya vuguvugu, isiingie ndani ya seli.

Ukijua litakaa zaidi ya wiki mbili, lichaji lijae kabla ya kuliegesha. Hata 0.05 ya kawaida inakula Ah 36 kwa mwezi, nusu ya betri yako. Kuliwasha likaunguruma dakika kumi kila wiki hakusaidii: betri iliyoshuka inahitaji saa kadhaa za chaji kujaa. Kwenye umeme tumia chaja inayojishusha yenyewe kwenye 13.5 hivi ikishajaa. Pasipo umeme, paneli ya sola ya wati 10 hadi 20 yenye kidhibiti chaji, ifungwe kwenye betri moja kwa moja. Soketi ya kiberiti kwenye magari mengi inakufa ufunguo ukitolewa, utakuwa unachaji hewa.

Bila vyote hivyo, swichi ya kukatia kwenye terminali hasi inatosha. Kabla ya kuikata tafuta namba ya siri ya redio kama inadai. Na GPS yako huenda ina betri yake ya ndani: swichi ikikatwa itatuma tahadhari kana kwamba gari linaibwa, halafu baada ya muda itazimika, kwa hiyo mwarifu kwanza anayeifuatilia.