Mwani umezidi tangini tangu Mei, ilhali taa sijaigusa

Mkazi wa Jinja:
Wafugaji wenzangu, naomba ushauri. Nina tangi la kioo la lita 100, ambalo nililipanda mimea Oktoba mwaka jana: Vallisneria upande wa nyuma, Anubias tatu zilizofungwa kwenye kipande cha gogo, na Cryptocoryne mbele. Samaki ni gapi kumi na watano hivi, nao nawalisha mukene (dagaa wa ziwani) mkavu ninaousaga mwenyewe. Taa ni ya LED ya wati 20, inayoongozwa na swichi ya saa, ile ya duara yenye meno madogo, niliyoitega iwake saa sita mchana na kuzima saa mbili usiku.

Kwa miezi saba maji yalikuwa maangavu na mimea ilistawi. Tangu katikati ya Mei, nyuzi za kijani zimeyazonga majani ya Vallisneria kiasi kwamba nikizivuta hutoka na jani zima, na kioo cha nyuma kimejaa vidoa vigumu vya kijani ambavyo sifongo haiviwezi, mpaka nivikwangue kwa wembe. Nimepunguza chakula na ninabadilisha maji kila wiki. Muuzaji mmoja aliniuzia dawa ya mwani, nayo iliwaua konokono wangu wote na kuuacha mwani palepale ulipokuwa. Saa ni zilezile na taa ni ileile. Je, niongeze mimea, nitafute dawa nyingine, au nipunguze mwanga ambao mpaka Mei haukuwa na kosa lolote?

Mzee wa Entebbe:
Ndugu yangu, dawa iweke kando kwanza. Kioo hicho cha nyuma kinaelekeana na dirisha? Kama ndivyo, dirisha linatazama upande gani? Na usiku wa leo keti mbele ya tangi uone taa inazima saa ngapi hasa, wala usitegemee saa uliyoitega.

Mkazi wa Jinja:
Mzee wangu, dirisha liko nyuma ya tangi, umbali usiofika nusu mita, nalo linatazama kaskazini, upande wa Kamuli. Kuhusu taa nimeona aibu: jana ilizima saa tano kasoro dakika chache. Mimi hulala mapema, kwa hiyo sikuwahi kuishuhudia.

Mzee wa Entebbe:
Basi usimtafute mchawi. Sisi tunaoishi kwenye ikweta tumezoea kusema kwamba jua letu halibadiliki, kwa sababu mchana una takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Urefu wa mchana kweli haubadiliki, ila njia ya jua angani hubadilika. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua hupita upande wa kaskazini wetu, na mwezi wa Juni, saa sita mchana, huwa limeegemea kaskazini kwa digrii zipatazo 23 kutoka utosini. Ulipopanda tangi lako Oktoba, jua lilikuwa limeshahamia kusini, na dirisha lako lilipata mwanga wa kivulini tu. Sasa jua linaingia kwa mshazari asubuhi na jioni, na mchana linafika hatua moja hivi ndani ya chumba, mahali hasa ulipoliweka tangi. Mimi nilifundishwa somo hilohilo na dirisha la kusini, mwezi wa Desemba, na nilikuwa nimeshanunua chujio jipya bure.

Swichi ya meno inazungushwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika kwa muda wa saa moja, nayo husimama muda huohuo, kisha huendelea pale ilipoachia. Kwa hiyo muda wa taa haukuongezeka, bado ni saa nane, lakini umesogezwa mpaka usiku. Hesabu basi: jua tangu saa moja asubuhi, halafu taa mpaka saa tano usiku. Tangi lako linaona mwanga kwa saa kumi na sita.

Weka karatasi nyeusi nzito nyuma ya kioo chote, ununue swichi ya kidijitali yenye betri ndani, na uanze na saa tano za taa kwa siku.

Mwalimu, Mbale:
Nakubaliana na Mzee kuhusu dirisha na swichi, lakini saa tano naziona ni chache kwa Vallisneria ambayo tayari imedhoofika. Ningeanza na saa sita, nikae nazo wiki tatu bila kuzigusa, kisha niongeze nusu saa kila baada ya wiki mbili mpaka saba au nane. Mwani ukianza kurudi, ndipo ujue umevuka mpaka wa tangi lako.

Mpaka huo hauwekwi na taa peke yake. Mwanga ndio unaoamua mmea utataka kula kiasi gani. Ukiwa mkali, mmea huhitaji kabonidioksidi na virutubisho kwa kasi zaidi. Katika tangi lisilopulizwa gesi hiyo, kabonidioksidi iliyomo majini ni kidogo na huisha mapema, kwa hiyo mwanga unaozidi hapo hauufaidii mmea. Mwani huridhika na kidogo sana, na huo mwanga wa ziada huwa ni wake. Anubias ndiyo huumia kwanza, kwa kuwa hutoa jani moja baada ya wiki nyingi na jani hilo hukaa muda mrefu likikusanya vidoa. Ihamishie chini ya kivuli cha gogo.

Utasoma mahali kwamba vidoa vigumu ni dalili ya upungufu wa fosfati, nawe utashawishika kununua mbolea. Kwa mtu anayelisha unga wa mukene, sidhani kama fosfati imepungua. Unga huo una vumbi ambalo samaki hawalipati, likazama na kuoza kwenye mchanga. Uchekeche kwanza, utumie zile chembe kubwa tu.

Kulifunika tangi gizani siku tatu au nne huwafaa wenye maji yaliyogeuka kijani kama supu. Nyuzi zako zitoe kwa mswaki wa zamani, ukiuzungusha kama unavyozungusha uma kwenye tambi.

Mama wa Ggaba:
Mimi ningeongeza mimea inayokua haraka, hasa Ceratophyllum, ambayo hainyimwi chochote: hunyonya virutubisho moja kwa moja majini na ikielea hutia kivuli. Ila naomba, kaka, usiende kuichota ziwani kwa mikono mitupu. Konokono wadogo bapa walioviringika kama sarafu, wanaoshikilia mimea ya ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ndio wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi vikiwa majini. Omba vipande kwa mfugaji mwenzako aliye na tangi safi.

Na kama bado una shaka juu ya jua na virutubisho vikikutana, njoo uone Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, hapa kwetu, siku maji yake yanapogeuka kijani kama rangi ya kupaka ukuta.

Mkazi wa Jinja:
Wiki ya tano leo. Karatasi nyeusi ipo, swichi mpya inazima saa kumi na mbili jioni bila kukosea hata umeme unapokatika, na taa ni saa sita. Nyuzi mpya sijaziona tangu wiki ya tatu. Za zamani nilizitoa kwa mswaki. Kioo cha nyuma nilikikwangua mara moja tu na bado ni safi. Kioo cha kando, upande wa mashariki ambako karatasi haikufika, kina mstari wa kijani wenye upana wa vidole viwili. Kesho nakata karatasi nyingine.