Mdudu-jani kutoka Amani: ni Phylliidae kweli?

Mishipa_ya_Jani: Wadau, kuna sampuli kavu kutoka Amani, Usambara Mashariki. Mabawa yake ni jani tupu, hadi mishipa. Kibandiko kimeandikwa Phyllium. Je, familia ya Phylliidae, yaani wadudu-jani wa kweli, ipo Tanzania? Na mbona majina ya jenasi kwenye vitabu vya zamani hayalingani na orodha za sasa?

Lenzi10: Haipo. Bara la Afrika halina Phylliidae wa asili. Kwa upande wetu wanaishia Shelisheli. Wengine wako Sri Lanka, India, kusini mwa China, Asia ya Kusini-Mashariki, Guinea Mpya, kaskazini mwa Queensland, mpaka Fiji. Huyo wako bila shaka ni wa ukoo wa senene (familia Tettigoniidae), pengine jenasi ya Zabalius. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 uhesabu pingili za unyayo, pamoja na ile yenye kucha: ukoo wa senene wana 4, Phylliidae wana 5. Paja la nyuma likiwa nene upande wa mwilini, hilo ni la kurukia.

Bi_Entomolojia: Usihesabu mguu mmoja tu! Wadudu-jani na wadudu-vijiti huotesha mguu uliokatika, na mguu mpya huja na pingili 4. Hesabu miguu 3 au zaidi. Angalia papasi za kichwani pia kama hazijavunjika: za jike la Phylliidae ni fupi sana, za senene huupita mwili. Rangi iache, kijani hupotea mdudu akikauka.

Kuhusu majina, mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus alimwita mdudu-jani Gryllus siccifolius, yaani alimweka na panzi na nyenje. Mwanasayansi mwingine, Illiger, akaunda jenasi ya Phyllium mwaka 1798, na karibu kila mdudu-jani akatupwa humo. Uchunguzi wa DNA uliotoka 2021 ndio uliovunja lile rundo: Pulchriphyllium, iliyokuwa jenasi ndogo tu, ikasimama peke yake, Cryptophyllium ikaundwa, na wale wa New Caledonia wakatolewa kwenye jenasi nyingine, Chitoniscus, wakawa jenasi mpya ya Trolicaphyllium. Kwa hiyo wa Shelisheli leo mwandike Pulchriphyllium crurifolium, hata kama kitabu chako kinasema Phyllium.

Mishipa_ya_Jani: Pingili 4 kwenye miguu yote minne iliyobaki, na paja ni nene. Nabadilisha kibandiko. Lakini Phylliidae hawakuwahi kuishi nje ya maeneo aliyoyataja Lenzi10?

Lenzi10: Waliishi. Kisukuku cha Eophyllium messelensis kilitoka Messel, Ujerumani, kina miaka milioni 47. Kwenye kibandiko kipya andika familia Tettigoniidae kwanza. Jenasi isubiri mtaalamu wa kundi hilo.