Ananunua karafuu lakini makonyo hayajui: akaunti hizi mnazitambuaje, na zinaripotiwa vipi?

MzeeWaLimbani

Assalaam alaykum wenzangu.

Mie ni admini wa kundi la Facebook la kuuziana vitu hapa Wete. Sikuuomba uadmini huu. Kundi alilianzisha mtoto wa dada yangu, akaenda kusoma Unguja, akaniachia kama mtu anavyoachiwa mbuzi: "Mjomba, utaliangalia tu." Sasa tumefika watu elfu nne na kitu, na kila nikifungua simu baada ya sala ya alfajiri nakuta maombi ya kujiunga thalathini, arubaini. Nusu yake ni watu ambao sidhani hata Pemba wanajua iko wapi.

Wiki iliyopita kaingia mmoja, eti mnunuzi wa karafuu. Kwenye picha kavaa suti, nyuma yake meli. Kampuni yake inanunua karafuu kavu kwa bei ya dola, inaipita ZSTC, shirika la biashara la serikali, ila mkulima ajisajili kwanza kwa shilingi 30,000, atume kwenye namba ya simu. Haya, hapa hata mtoto anajua anayenunua karafuu kisheria ni ZSTC, na wa pembeni ni magendo. Lakini msimu umeanza, wachumaji wanadai malipo ya pishi zao, na dola ikitajwa akili za watu zinaruka. Nikamuuliza mbele ya watu: "Na makonyo mnachukua?" Kanijibu upesi: "Ndiyo bosi, tunachukua, ila yawe yameiva vizuri."

Makonyo yaliyoiva! Vile vijiti vinavyobaki ukishaichambua karafuu, jamani! Nilicheka peke yangu barazani mpaka mke wangu akatoka kuniuliza nimepatwa na nini.

Nikamfuta yeye na tangazo lake. Hapo ndipo nilipoharibu. Jioni kaja kijana wa Mtambwe, kashatuma zile thelathini, na mimi sina tena hata tangazo la kumwonyesha mtu. Kesho yake maneno yale yale yakarudi kwa jina la kike.

Basi kwa hasira nikapita na fagio, kila akaunti mpya nje. Baadaye nikaambiwa mmoja katika niliowatoa ni mtoto wa Gando, yuko Maskati, alikuwa anatafuta fundi wa kumwezekea mama yake nyumba. Namwonea haya mpaka leo.

Nyinyi mnawajuaje hawa kabla hawajatia watu hasara? Na kuripoti kunasaidia kitu, au tunabonyeza tu?

FundiSimu_Chake

Waalaykum salaam mzee wangu. Natengeneza simu Chake, na matapeli hawa naletewa mezani kama chaji mbovu.

Picha ya suti iache, haikwambii kitu. Angalia tarehe. Ombi la mtu kujiunga linakuonyesha yuko Facebook tangu lini. Wiki mbili peke yake si kosa, huyo wako wa Maskati ni shahidi. Lakini wiki mbili, na picha saba zote kaziweka siku moja, na makundi ya kuuza na kununua kajiunga kuanzia Lusaka mpaka Mombasa, huyo kundi lako halimtaki.

Na akaunti kongwe nayo isikutie moyo sana. Nyingi zimeibiwa kwa wenyewe. Itazame linki ya profaili, usitazame jina, kwa sababu jina hubadilishwa na ile linki mara nyingi hubaki na jina la mwanzo. Juzi nimeletewa "Bi Khadija Mikopo Bila Riba", kufungua linki yake nakuta jina la kiume la Kivietinamu. Nikashuka chini kwenye picha zake za zamani: kijana, pikipiki, sherehe ya kumaliza skuli. Yule kijana masikini pengine mpaka leo anahangaika kuirudisha akaunti yake, na huku Pemba inakopesha watu.

Halafu wafungue wale wanaoshukuru chini ya tangazo, "asante sana nimepokea milioni mbili zangu". Wafungue mmoja mmoja. Watano wote hawana hata picha moja ya harusi. Sasa niambie, mtu wa kwetu atakaa Facebook mwaka mzima asitiwe kwenye picha ya harusi ya mtu? Asiandikiwe pole ya msiba hata mara moja?

Kwenye kuripoti, kufuta kuwe mwisho. Piga skrinshoti ya tangazo, namba ya pesa ionekane. Nakili linki ya profaili, jitumie mwenyewe WhatsApp. Hapo uripoti tangazo, kisha uingie kwenye profaili yake, zile nukta tatu, uripoti profaili yenyewe, kwani ukiripoti tangazo hujamripoti mwenyewe. Ndipo umtoe na umzuie asirudi. Na usiwaite watu mia "jamani tumripoti wote". Facebook wanasema wenyewe kwamba wingi wa ripoti hauamui kitu, wanaangalia kama masharti yamevunjwa. Ripoti moja yenye sababu sahihi inatosha: kama anajifanya mtu fulani, chagua hivyo, kama ni utapeli, chagua utapeli.

Wanachama wako nao uwaambie jambo moja. Wakiripoti kwa admini, ripoti inakuja kwako wewe, haiendi Facebook. Na aliyeripotiwa haambiwi kamripoti nani. Nakwambia hili kwa sababu najua watu wetu na kuogopa lawama.

MkulimaMwani_Micheweni

Mie sina kundi la kuongoza, nalima mwani tu, lakini nimeonja.

Yalinikuta WhatsApp. Shoga yangu wa siku zote kaniandikia: "Nimekosea, nimetuma namba sita kwenye simu yako, nirudishie." Nikamrudishia. Kumbe ndizo za kuifungulia WhatsApp yangu, na shoga mwenyewe keshaibiwa kabla yangu, hakuwa yeye aliyeniandikia. Palepale nikatolewa ndani ya simu yangu, na mtu akaanza kuwaomba ndugu zangu: nimekwama bandarini Mkoani, pochi imeibiwa, nauli sina. Mdogo wangu katuma elfu sitini.

Kaka yangu mkubwa hakutuma hata senti. Nilipomuuliza kajuaje, akasema: "Nimeandikiwa *mambo vipi kaka, nina shida*. Wewe una shida gani hiyo isiyokuwa na salamu?" Kweli. Mie humtolea salaam, nikamwamkia, nikamuuliza mkewe, nikamuuliza na ng'ombe wake, ndiyo shida ije nyuma. Siku zote ananambia maneno yangu mengi. Siku ile yalimwokolea pesa yake.

WhatsApp niliirudisha kwa kujisajili tena kwa namba yangu, zikaja namba sita nyingine, yule akatoka. Bahati hakuwahi kuweka PIN yake, angeiweka ningengoja siku saba. Sasa nimeweka yangu, na nishaisahau mara mbili.

MstaafuMkoani

Nilikaa kituo cha polisi miaka mingi, nitasema kwa ufupi.

Mnashughulika sana na akaunti. Akaunti tapeli anafungua kumi kwa siku. Kinachomuuma ni namba ya kupokelea pesa, kwa sababu laini husajiliwa kwa alama za vidole. Kijana wa Mtambwe alitakiwa kuipigia kampuni ya simu iliyobeba pesa saa ile ile, kabla haijatolewa kwa wakala. Baada ya hapo kituo cha polisi, apewe RB, ile namba ya taarifa yake, aende na skrinshoti na ule ujumbe wa muamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na huku Zanzibar, asiambiwe na mtu kuwa mambo ya Facebook hayana kesi.

Akikuandikia kwa meseji ya kawaida, ile ya "hiyo pesa tuma kwenye namba hii", ipeleke 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Watakujibu wakitaka namba iliyokutumia, nawe uiandike. Na kila mtu humu apige *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wapo wazee waliowekeshwa kidole mara mbili na wakala wa mtaani, laini moja wakapewa, ya pili hawajui iko mkononi mwa nani. Siku ikifuatiliwa namba ya tapeli, jina linalotoka ni la bi kizee wa shamba.

MtotoWaGando

Mzee, ni mimi niliyetolewa. Nimeusoma uzi wote nacheka.

Simu yangu ilitumbukia baharini Matrah, na neno la siri la akaunti ya zamani nilishalisahau, nikafungua mpya. Marafiki sina, picha sina, na neno langu la kwanza kwenye kundi lako lilikuwa "natafuta fundi, nitatuma pesa kutoka Omani". Wallahi hata mie ningejitoa.

Ninalokuomba, usije ukaanza kudai picha za vitambulisho inboksi. Kundi moja la huku lilitutaka picha za pasi ati kuthibitisha sisi ni Wazanzibari. Nikajiuliza, na huyo admini kathibitishwa na nani? Niulize shehia yetu. Niulize nani humo ndani atanidhamini, binamu zangu watano wamo na mmoja anakuuzia wewe maziwa.

Nyumba bado inavuja.

MzeeWaLimbani

Ahsanteni wote, Mungu awalipe.

Mwanangu wa Maskati, unisamehe. Nimekurudisha kundini. Fundi wa mabati nimempata, ni mtu wa Bopwe, na namba yake nimempa binamu yako huyo wa maziwa mkononi. Inboksi siandiki namba ya mtu tena.

Kijana wa Mtambwe nimekwenda naye kituoni, RB kapewa. Pesa ilishatolewa siku ile ile. Zile skrinshoti tulizipata kwa mwanachama mmoja aliyekuwa kamtumia mumewe tangazo kumuuliza kama wajisajili, na mumewe kamjibu neno moja ambalo hapa siliandiki. Akaunti ya suti imeondolewa. Ile ya jina la kike nimejibiwa haijavunja masharti. Nimeomba ikaguliwe upya, safari hii nimeripoti profaili na tangazo, kila kimoja mbali, kama alivyosema fundi. Bado sijajibiwa.

Dada wa Micheweni, mke wangu kasoma maneno yako, na tangu jana kila anayemwandikia anaanza kuulizwa ng'ombe.

Kundi nimelitia maswali ya kujiunga. La kwanza: "Makonyo ni nini?" Mama mmoja wa Ole kanijibu mistari minane, mpaka kiwanda cha makonyo cha Wawi kakitaja, na bei anayolalamikia. Watu kumi na sita wameandika "Ndiyo, nakubali masharti." Hao wako nje.

FundiSimu_Chake

Mzee, swali hilo na jibu lake ushayaweka hapa hadharani. Na wao wanasoma.

MzeeWaLimbani

Nimelibadilisha tangu asubuhi. Hilo jipya silisemi.