Ushauri: Naacha udaktari serikalini niende hospitali binafsi, niende au nitulie?

TabibuWaZamu: Habari za jioni wakuu. Mimi ni daktari (MD), nipo hospitali ya wilaya moja huku Kanda ya Ziwa. Hospitali binafsi ya hapahapa mjini imeniita. Mshahara ni mara mbili ya huu wa sasa, zamu zinaeleweka na nyumba ni juu yao. Kinachoninyima usingizi ni kwamba ukishatoka serikalini, kurudi ni mbinde.

Ukweli nimechoka. Juzi usiku nilikuwa nampasua mama, mtoto kakaa vibaya, mara umeme ukakatika. Jenereta halina mafuta. Nesi akanimulikia na tochi ya simu mpaka nikamaliza kushona ngozi. Mama na mtoto wazima. Lakini uzi niliomshonea aliununua mumewe duka la dawa pale getini, na glovu pia, wakati sera inasema mjamzito hachangii chochote. Natoka teta, chumba cha upasuaji, yule bwana ananishika mikono yote miwili anashukuru, mfuko wa duka bado kaukwapia. Nilishindwa hata kumwangalia.

Nipeni mawazo. Matusi sitaki.

Kobe Mjanja: Nenda. Swali lililobaki ni lipi hapo?

Mwalimu Mstaarabu: Mkuu, pole na majukumu. Ukiacha kwa notisi ya saa 24 jiandae kulipa mshahara wa mwezi mmoja. Bodi ya mikopo asilimia 15 yao itakufuata hukohuko. Na PSSSF, mfuko wa pensheni, usiwaze kwamba kesho utachukua chako, fao la kujitoa lilishakufa. Mimi niliacha chaki nikafungua duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka wa kwanza shemeji yangu alikopa bati za nyumba nzima, mpaka leo tukikutana msibani anakaa upande wa pili wa turubai. Kwa hiyo fikiria.

Kobe Mjanja: Bati zinaingiaje hapa mwalimu 😂

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, mgomo wa 2012 ulinikuta wodini. Madaktari wametoka, wagonjwa wanatuangalia sisi. Sikuwalaumu, na Dk. Ulimboka, kiongozi wa mgomo, alipotekwa na kuokotwa Mabwepande akiwa hoi nililia kama nimefiwa. Ila nikuambie kitu. Utafiti wa 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukakuta 104. Zile namba hazikushushwa na hospitali zenye marumaru, zimeshushwa na watu wa tochi kama wewe. Siku hizi vijana mnataka hela kabla ya wito.

TabibuWaZamu: Mama shikamoo. Wito ninao, lakini mwenye nyumba hapokei wito.

Chumvi Kidogo: Samahani mtoa mada. Hiyo hospitali binafsi imekujuaje?

TabibuWaZamu: Huwa naenda kushika zamu pale, kama madaktari wengi tu. Si jambo geni.

Chumvi Kidogo: Sawa. Na mgonjwa wa wilayani ukimwambia kipimo hakipo, unamwelekeza wapi?

Kobe Mjanja: Nimekaa paleee 🍿

Chumvi Kidogo: Mtoa mada?

TabibuWaZamu: Nilikuwa raundi. Haya. Ultrasaundi yetu mbovu tangu mwaka jana, barua nimeandika mpaka kwa mganga mkuu wa wilaya. NHIF nao hawatuletei dawa kwa wakati. Nikimwambia mgonjwa asubiri, anakwenda kwa mganga wa kienyeji. Nikimwelekeza kule anapimwa leoleo. Akilazwa, kule wananipa hela ya mafuta. Simshiki mtu mkono kumpeleka. Mnaniona mimi mwizi, aliyeiacha mashine ife mnamwitaje? Na mkataba nimeshasaini, advansi nimelipia kiwanja. Mimi nilitaka kujua kuhusu notisi tu.

Mzee wa Hoja: Bibi harusi yuko na shela kichwani anauliza kama aolewe.

Nesi_Mstaafu: Hela ya mafuta! Na ile shikamoo naomba nikurudishie.

Fundi Saa: Wakuu, mmekaa mnakunywa chai na vitafunwa juu. Tangu lini NHIF wakaleta dawa? Dawa ni MSD, bohari ya serikali. NHIF ni bima, wanalipa madai. Daktari gani hajui hilo? Uzi huuhuu ulishapita hapa, ila yule alikuwa mwalimu kaitwa na shule binafsi. Kiwanja kilikuwepo pia.

Mwalimu Mstaarabu: Mimi sijawahi kununua kiwanja.

TabibuWaZamu: Nimeandika haraka. MSD wakikosa dawa wanakugongea "OS", yaani haipo stoo, unakwenda kwa mshitiri, muuzaji binafsi mwenye mkataba. Mshitiri analipwa kwa mapato ya hospitali, na mapato yenyewe sehemu kubwa ni madai ya NHIF. Wakikata madai kwa sababu fomu haina saini, mwezi huo hata paracetamol tunaitafuta. Chai hiyo kapikiwe na mfamasia wako.

Fundi Saa: Hata dereva wa MSD anaweza kuandika hayo.

Binti Ukerewe: Jamani kama ni daktari kweli nisaidie. Mama yangu ana presha, alianzishiwa amlodipine, sasa miguu imemvimba yote miwili. Jirani anasema aache dawa.

TabibuWaZamu: Asiache. Amlodipine huwa inavimbisha miguu, inajulikana. Ila nijibu kwanza, usiku analala na mto mmoja au mnamwongezea? Akipanda ngazi au kilima anahema?

Binti Ukerewe: Analala na mito mitatu siku hizi. Anasema akilala chali anakabwa.

TabibuWaZamu: Basi hiyo tusiisingizie dawa peke yake, yawezekana ni moyo. Asisubiri kliniki ya mwezi ujao, mpelekeni hospitali leo, na dawa zake zote mbebe.

Chumvi Kidogo: Ya serikali au ile yenu?